Sauti Nyuma ya Cherehani

Bertrand Nsengiyumva alipanga chumba uani kwa fundi Usumani, Biryogo, mjini Kigali, mwaka ule alipotoka Bujumbura akiwa na begi moja na kompyuta ya mkononi. Alidhani atakaa miezi mitatu. Akakaa miaka tisa. Alikuwa Mkatoliki katika ua wa Waislamu, na Ramadhani ya kwanza aliona haya hata kuwasha jiko mchana, mpaka mke wa Usumani, Mukandekezi, alipomgongea mlango.

"Mtoto, wewe kula," akamwambia. "Njaa yako haitatupeleka sisi peponi."

Tangu siku hiyo naye akawa anamwita Mama Uwera, kama mtaa wote ulivyomwita, kwa jina la binti yao wa pekee aliyeolewa Kampala.

Usumani alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Mashine yake ilikaa barazani, mbele ya nyumba, na hapo alishona kanzu, sare za shule na mashati ya harusi. Maneno ya nyumba ile yalikuwa ya mkewe. Mama Uwera alitandika mkeka karibu na cherehani, akachambua mchele au akafumua nguo za kurekebishwa, huku akizungumza tangu asubuhi hadi adhana ya alasiri. Usumani alijibu "ehe", macho yakiwa kwenye sindano.

Mama Uwera alizaliwa kwenye uchochoro huohuo. Babu yake alifika Kigali na biashara ya vitambaa kutoka Ujiji, akaoa hapo, akajenga hapo. Hivyo mama huyu alijua nani aliishi nyumba ipi kabla ya mwaka wa tisini na nne, na aliwajua wote, hadi wapangaji. Sasa nyumba nyingi zilikuwa na watu wengine, na baadhi zilikwisha kubomolewa. Kati ya watu wa zamani, wapo waliouawa, wapo waliokimbia wasirudi, na zilikuwepo nyumba ambazo hakubaki hata mmoja wa kulitaja jina la mwenzake. Yeye alikuwa akiyataja. Wapita njia walizoea kumsikia akimwambia mumewe habari za watoto waliokufa zamani kana kwamba amewatuma dukani na wamechelewa.

Hospitalini walipomwambia kwamba ugonjwa wa kooni mwake hautapona, na kwamba sauti ndiyo itakayotangulia kuondoka, hakulia mbele ya watu. Kesho yake alimwomba Usumani simu yake ya zamani, akamwita Bertrand amwonyeshe namna ya kurekodi.

"Bonyeza hapa, Mama Uwera. Ukimaliza, bonyeza tena hapohapo."

"Na nikikohoa?"

"Kohoa tu. Simu itachukua na kikohozi."

"Basi vizuri. Watajua ni mimi."

Alirekodi kwa miezi kumi. Kila rekodi ilikuwa nyumba moja. Alianzia juu, karibu na msikiti, akateremka na uchochoro, upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto. Alitaja baba, mama, watoto kwa kufuata umri, na shangazi aliyekuja kutembea akanogewa. Alisema nani aliimba harusini na nani alichechemea. Alifanya kazi hiyo palepale barazani, kwa kuwa palipata jua na kwa kuwa hakupenda kukaa peke yake. Usumani akishona. Miezi ya mwisho sauti ikawa mnong'ono, na rekodi ya thelathini na nane ikawa ya mwisho. Zilibaki nyumba nne hakuzifikia.

Alifariki Jumatano moja ya mwezi wa pili, saa nne asubuhi, akazikwa siku hiyohiyo kabla ya jua kuchwa. Uwera alikuwa bado kwenye basi, upande wa pili wa mpaka. Alipoingia uani, watu walikuwa wamekwisha kurudi kutoka makaburini na walikuwa wananawa mikono.

Wiki mbili baada ya msiba, Usumani alimfuata Bertrand chumbani akiwa na ile simu imefungwa kwenye kipande cha kitambaa. Ilikuwa imeanguka siku ya mazishi, ikakanyagwa, kioo kikawa cheusi.

"Sauti za Mama Uwera ziko ndani humu," alisema. "Uwera atakuja siku ya arobaini. Nimemwambia atazisikia. Unaweza?"

Bertrand aliweza, au alijua anaweza. Kazi yake ilikuwa hiyo. Alikuwa mwangalizi wa seva, kompyuta kubwa za kuhifadhi data, kwenye kampuni ndogo kule Kagugu, mmoja wa watu ambao kazi yao haionekani mpaka iharibike. Ijumaa alichomoa memori kadi ya simu ile, akaenda nayo ofisini, akaichomeka kwenye kompyuta. Ilisomeka kwa taabu, ikapata moto mpaka akashindwa kuigusa, lakini rekodi zote thelathini na nane zikatoka, akaziweka kwenye seva, sehemu ya majaribio ambayo mkuu wake, Keith, aliwaruhusu kuitumia kwa mambo yao. Alipoichomeka kadi mara ya pili, haikufunguka tena. Akajisemea kwamba Jumatatu atatafuta diski ya pembeni na kutengeneza nakala nyingine.

Jioni alimwekea Usumani sekunde chache za rekodi ya katikati, wasikie pamoja. Ilisikika cherehani. Nyuma ya cherehani, mbali, kama mtu anayesemea chumba cha pili, palikuwa na sauti ya mwanamke.

Usumani aliinamisha kichwa karibu na spika.

"Hii ni mimi," alisema. "Hii mashine ni mimi."

"Ndiyo, Baba Uwera."

"Inaweza kutolewa? Ukaacha yeye tu?"

"Zipo programu za kusafisha sauti. Zinachuja. Lakini ni kazi ya saa nyingi, rekodi moja baada ya nyingine."

"Utakaa macho saa zote hizo?"

Bertrand akamweleza. Mtandao wa pale uani ulikuwa na tabia ya kukatika, na mtu akianzisha kazi kwenye seva ya mbali kwa njia ya kawaida, mtandao ukikatika kazi nayo inakufa. Kwa hiyo watu wa kazi yake huandika skripti, yaani maagizo yaliyopangwa mstari kwa mstari, na skripti ile hufungua kikao kilichojitenga ndani ya seva. Kikao hicho hakina dirisha la kutazama. Kinaendelea na kazi kimyakimya hata mwenyewe akizima kompyuta na kwenda zake. Akitaka kukiona, anakiita kwa jina, nacho kinajitokeza.

"Na kikikosea huko kiliko," Usumani aliuliza, "nani anaona?"

"Kinaandika makosa kwenye faili. Nitasoma nikirudi."

Usumani aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika. Alimwamini. Ndani ya miaka tisa hakuwa amepata sababu ya kutomwamini.

Jumamosi hiyo, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya usafi wa mtaa, Bertrand aliketi kitandani, mlango wazi, akaandika skripti. Haikuwa ndefu. Mstari wa kwanza ulifuta folda ya kazi kama ipo, ili kila mara kazi ianze mahali pasafi. Wa pili ulizihamisha rekodi kutoka folda ya asili kwenda folda hiyo ya kazi. Iliyofuata ilizichukua moja moja na kuzisafisha. Neno aliloandika lilikuwa la kuhamisha, si la kunakili, kwa kuwa nafasi kwenye seva ilikuwa finyu na Keith alikuwa amekwisha kuwalalamikia. Mistari ya namna hiyo alikuwa ameiandika mara nyingi kazini bila kuifikiria. Kikao akakiita mamauwera.

Akaandika amri ya kuanzisha, akabonyeza.

Hakuna kilichotokea kwenye skrini. Ndivyo inavyokuwa, kikao kilichojitenga hakiagi. Lakini sekunde hiyohiyo mtandao ulikatika, na herufi alizojaribu kuandika zikagoma kutokea. Hakujua kama amri ilifika au ilipotea njiani. Akasubiri. Mtandao ukarudi baada ya dakika tatu au nne, akaingia tena kwenye seva.

Ipo amri fupi ya kuuliza vikao vilivyo hai. Ni herufi chache tu. Alikuwa akiitumia kila siku.

"Bertrand!" Usumani aliita kutoka barazani. "Chai inapoa!"

"Naja!"

Alibonyeza kitufe cha kurudisha amri ya mwisho, akabonyeza kuanzisha, akafunga kompyuta, akatoka kwenda kunywa chai.

Walikunywa bila haraka. Zilikuwepo chapati ambazo jirani alikuwa bado analeta kwa ajili ya msiba. Usumani alimsimulia, kwa mara ya kwanza, jinsi alivyompata mkewe: alikwenda kumpima kanzu baba wa binti, binti akamwambia amekosea mkono wa kushoto, na kweli alikuwa amekosea. Walicheka. Bertrand alirudi chumbani baada ya kama dakika arobaini, akiwa na moyo mwepesi.

Aliuliza vikao. Vikaja viwili, kimoja chini ya kingine, vyote kwa jina lilelile: mamauwera, mamauwera.

Aliyatazama majina hayo kwa muda. Kisha akakiita kikao cha pili. Kilijitokeza na maneno machache: folda ya kazi imeandaliwa, hakuna rekodi ya kuhamisha, kazi imekamilika, faili sifuri.

Alielewa kabla hajamaliza kusoma. Amri ya kwanza ilikuwa imefika. Ilizihamisha rekodi zote kwenye folda ya kazi, ikaanza kusafisha. Amri ya pili ilipofika ilitii mstari wake wa kwanza: ilikuta folda ya kazi ipo, ikaifuta, na rekodi zote zikiwa ndani. Kisha ikaenda folda ya asili, ikaikuta tupu. Yote hayo yalichukua pungufu ya sekunde moja. Hapakuwa na dirisha, na yeye alikuwa bado anavaa viatu.

Alikiita kikao cha kwanza. Hicho kilikuwa bado kinafanya kazi: kinasafisha rekodi ya kwanza, asilimia sitini na mbili. Alitazama ndani ya folda, hamna kitu. Asilimia sitini na tatu. Ndipo alipokumbuka tabia moja ya seva za aina ile: faili likifutwa wakati programu bado inalisoma, jina ndilo linalotoka, ila yaliyomo hubaki mpaka programu ilifunge. Rekodi ya kwanza haikuwa na jina tena popote, lakini kikao kilikuwa bado kimeishika. Kikimaliza, kitaiachia, nayo itakwenda kama wenzake.

Asilimia sitini na nne.

Alikisimamisha kwa muda, bila kukifunga. Alikosea herufi mara mbili kabla hajaweza kuandika amri ya kuyanakili yaliyoshikwa. Rekodi ikatoka. Dakika tisa na sekunde kumi na nne. Alitengeneza nakala yake kwenye kompyuta, nyingine kwenye simu, nyingine akajitumia mwenyewe kwa barua pepe, kisha akakaa sakafuni.

Alimpigia Keith. Keith alikuwa Mganda wa Mbale, mtu mnene asiyependa kusumbuliwa Jumamosi, lakini alisikia sauti ya Bertrand akasema watakutana ofisini. Bertrand alipanda pikipiki hadi Kagugu. Keith alisoma skripti kuanzia juu hadi chini mara moja tu.

"Ulikuwa na nakala?"

"Hapana."

Keith akakunja mikono ya shati. Walishinda hapo Jumamosi hadi jioni, na Jumapili yote, wakijaribu kila programu ya kufukua vilivyofutwa. Diski za siku hizi zikifuta zinafuta kwelikweli. Walipata vipande vinne: viwili vilikuwa kelele tupu, kimoja sekunde kumi na moja za cherehani, na cha mwisho kikohozi. Jumatatu asubuhi Bertrand aliipeleka memori kadi mjini kwa mafundi wa simu. Fundi wa tatu aliiangalia chini ya lenzi, akaifungua kwa kisu, akamwonyesha doa jeusi.

"Imeungua, kaka. Huyu amekufa."

Katikati ya hayo alikuwa amedanganya. Jumapili asubuhi, akitoka, Usumani alimwuliza, "Ile kazi imefika wapi?" Naye akajibu, "Inaendelea, Baba Uwera." Jioni akaulizwa tena, akajibu vilevile, na Usumani akamwekea chakula. Alikula chakula kile. Baadaye, alipohesabu makosa yake yote ya wiki ile, sahani hiyo ndiyo iliyomchoma zaidi.

Jumatatu jioni aliketi barazani, kwenye ukingo wa simenti. Usumani alikuwa anatia uzi kwenye sindano.

"Baba Uwera, nimezipoteza."

"Umepoteza nini?"

"Sauti. Zote, isipokuwa moja. Nilianzisha kazi mara mbili kwa makosa, ya pili ikazifuta. Tangu Jumamosi. Jana nilikudanganya."

Usumani aliendelea kuusukuma uzi kwenye tundu la sindano. Haukuingia. Aliulamba, akajaribu tena, haukuingia. Akauacha.

"Zote?"

"Imebaki ya kwanza."

"Na ile kadi?"

"Imeungua."

Watoto wawili walipita wakisukuma tairi, wakamwamkia fundi, naye akaitikia. Kisha akasema, "Niwekee hiyo moja."

Bertrand aliweka simu juu ya cherehani. Walisikiliza. Mwanzo Mama Uwera anajiuliza kama simu imewaka. Kisha anakohoa. Kisha anasema: nyumba ya kwanza, ya Mutabazi, fundi wa redio, mke wake Uwizeye. Anaanza kutaja watoto, na hapo cherehani inaingia, nzito, karibu, inamfunika. Inasimama, anasikika tena, inaanza. Majina mawili ya watoto yanapita ndani ya kelele bila kueleweka. Dakika ya sita sauti yake inapanda.

"Baba Uwera, hebu simamisha kidogo hiyo mashine. Naongea na wajukuu."

Na sauti ya Usumani, kubwa, ya mtu aliye karibu na simu: "Wewe ongea tu. Mimi nasikia."

Cherehani ikaendelea.

Rekodi ilipokwisha, Usumani alikuwa ameweka mikono miwili juu ya ile mashine, kama mtu anayemzuia mnyama.

"Sikuwa nasikia," alisema. "Miezi kumi alikaa hapo. Hapo kwenye mkeka. Nilikuwa nasema nitazisikia zote siku moja, si ziko kwenye simu. Sijui hata nilikuwa nashona nini."

"Hii moja naweza kuisafisha, Baba Uwera. Cherehani itapungua, na yale majina—"

"Acha. Usiiguse tena."

Bertrand alianza kulia. Usumani hakumkemea, na hakumbembeleza. Baada ya muda aliinuka kwenda kuswali magharibi, akapita mbele yake akikusanya kanzu ili isimguse.

Uwera alifika siku mbili kabla ya arobaini. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na nane, mrefu kama baba yake, mwenye kauli ya mama yake. Usumani alikataa kumweleza.

"Wewe ndiye utamwambia," alimwambia Bertrand. "Mimi nitakaa hapo."

Wakakaa sebuleni watatu. Bertrand alieleza yote, kuanzia kadi hadi skripti, hadi mtandao kukatika, hadi amri ya pili. Hakujipunguzia. Uwera alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Sijaelewa kitu kimoja," alisema mwishowe. "Unasema kulikuwa na njia ya kuangalia kama ile ya kwanza imeanza."

"Ndiyo."

"Inachukua muda gani?"

"Sekunde mbili."

"Kaka Bertrand, ulikuwa na haraka ya nini?"

Angeweza kusema mtandao. Angeweza kusema uchovu, umuganda, kazi nyingi. Alitazama sakafu.

"Niliitwa kunywa chai."

Usumani akasema kwa sauti ndogo, "Mimi ndiye niliyemwita."

Uwera alimtazama baba yake, kisha Bertrand, kisha tena baba yake. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. "Sikumwona akizikwa," alisema. "Nilifika mkiwa mnanawa mikono. Nilikuwa kwenye basi najiambia, si kitu, sauti zake zipo, nitakaa nazo, watoto wangu watakaa nazo. Wiki zote hizi nimepika, nimefua, nimejiambia hivyo." Akavuta pumzi. "Sitakuapiza. Mama alikupenda. Lakini siwezi kukuona uani hapa asubuhi unapiga mswaki. Siwezi."

Bertrand alimtazama Usumani. Mzee alikuwa ameangalia mlangoni.

Bertrand alihama kabla ya siku ya arobaini. Alipata chumba Kagugu, karibu na ofisi, kwenye nyumba mpya ambayo wapangaji wake hawakujuana majina. Siku ya dua alisimama upande wa pili wa barabara, akasikia wanavyosoma, akaondoka kabla watu hawajatoka. Kazini hakufukuzwa. Keith hakulitaja jambo lile tena, ila kwa miezi mingi kila Bertrand alipoanzisha kazi iliyojitenga, aliorodhesha vikao mara tatu, mara nne, mara tano, mpaka wenzake wakaanza kutazamana. Wakati mwingine alikwisha kuondoka ofisini, akashuka kilima hadi kwenye lami, akageuka kurudi kuangalia.

Hakurudi Biryogo hadi mwezi wa kumi, alipopigiwa simu. Namba ilikuwa ya Usumani.

"Njoo Jumapili," mzee alisema. "Ukitoka kanisani."

Alimkuta barazani. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka, kwani siku hizo alishona asubuhi tu, macho yalikuwa yamepungua. Mapajani alikuwa na daftari la shule. Uwera alikuwa Kampala. Usumani alimwonyesha mahali pa kukaa, akamwuliza habari za kazi na za afya, kisha akafungua daftari.

"Najaribu kuandika," alisema. "Nimepita uchochoro huu wote, nyumba kwa nyumba, nikiwauliza watu wazima. Hawakuwepo wakati ule, wengi. Wametoka Kongo, wametoka Burundi kama wewe, wametoka Uganda. Wanasema, ihangane, mzee, vumilia. Nyumba ya kwanza ninayo, mke na mume, na majina ya watoto wawili hayasikiki. Ya nne ninayo nusu. Ya tisa najua baba alikuwa na pikipiki." Alifunua ukurasa, kisha mwingine. Ulikuwa na namba ya nyumba juu, na chini yake hamna neno. "Nikajiambia, Bertrand alikuwa anapita hapa. Alikuwa anapita kila siku akienda na kurudi. Huenda sikio lake lilichukua kitu."

Bertrand alifumba macho. Alijaribu kusimama tena mahali pale, asubuhi zile, begi begani, akichelewa kazini. Alikuwa akisema "Mama Uwera, siku njema," na yeye akiinua mkono bila kukatiza maneno yake. Alikuwa anasema nini?

Usumani hakumharakisha.

"Nyumba yenye mpapai," alisema Bertrand. "Kulikuwa na msichana anaitwa Kaze. Alikuwa anacheka usingizini mpaka anaamsha nyumba nzima."

Usumani alishika kalamu, akaandika polepole, akitamka kila silabi.

"Kaze. Anacheka usingizini. Endelea."

"Na mshona viatu, Melchior. Sijui nyumba ipi. Alipokuwa na kiatu cha mtu hakukirudisha kabla hajakivaa yeye kwanza, aone kama kinabana."

"Melchior," Usumani aliandika. Alipomaliza alisubiri, ncha ya kalamu ikiwa juu ya karatasi.

Bertrand alitafuta. Alitafuta kwa dhati. Alimwona akiinua mkono, aliona mchele kwenye ungo, aliona midomo yake ikitembea, na kila mara yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kupita.

"Ni hayo tu, Baba Uwera."

"Hayo mawili."

"Hayo mawili."

Mzee alitikisa kichwa. Aliusoma tena ukurasa, akaupuliza wino ukauke, na wakabaki wamekaa pale barazani, bila mmoja wao kupata jina la tatu.